Bolti ya Nyuma Kabisa

Siku ya tatu tangu bolti ikatike, Oddlaug alikuwa bado anaandalia watu kahawa kando ya injini. Silinda hedi ya boti yao, yaani kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imelazwa katikati ya meza ya jikoni, juu ya magazeti, nyeusi, nzito kama ndama, inanuka dizeli. Torleiv, mumewe, alikuwa ameiingiza ndani kwa sababu bandani kulikuwa na baridi ya Februari ya kugandisha mate mdomoni, na pia, alisema, fundi anahitaji mwanga. Kwa hiyo vikombe vilipangwa pembezoni mwa chuma, na mtu akitaka maziwa ilimbidi azunguke meza.

"Leo anakuja nani kusaidia?" Oddlaug aliuliza.

"Anfinn."

"Jana alikuja Sigvart."

"Ndiyo."

"Na kabla Sigvart hajaja, mle shimoni kulikuwa na bolti moja tu. Sasa kuna nini?"

Torleiv alilamba kidole, akafuta doa la grisi kwenye kitambaa cha meza. Doa likawa kubwa zaidi.

Oddlaug alikuwa anahama. Kisiwa kizima kilijua. Alikuwa amepata kazi ya kupika katika shule moja mjini, mwendo wa saa tatu kwa boti, na alitakiwa kuanza Jumanne inayofuata. Hakugombana na mtu. Alisema tu, siku ya Krismasi, wakati wanakula mbavu za kondoo, kwamba amesikiliza upepo miaka thelathini na mmoja na sasa angependa kusikiliza watu. Torleiv alimaliza kutafuna, akasema "Haya," akajiongezea viazi.

Angeweza kuondoka kwa boti ya abiria, ile inayopita Jumanne na Ijumaa. Lakini inabeba watu na mabegi tu, na Oddlaug alikuwa amesema wazi: "Mimi sitoki hapa na begi kama mtu anayekimbia. Natoka na cherehani yangu, friza yangu na kitanda alichoniachia mama. Na mume wangu ndiye atakayenipeleka, mchana kweupe, watu wakinipungia mkono." Torleiv aliona ni haki yake. Ndiyo maana Jumatatu aliingia chini ya sitaha kuitengeneza injini kwa ajili ya safari.

Bomba la moshi lilikuwa linavuja. Lilishikwa kwenye silinda hedi na bolti kumi na mbili, na kumi na moja zilitoka bila maneno. Ya kumi na mbili ilikuwa nyuma kabisa, imetazamana na ukuta. Haionekani. Unaipapasa, mkono umezungushwa kwa juu kama mtu anayejikuna mgongo, na huko nyuma kulegeza kunageuka kuwa upande mwingine. Torleiv alilijua hilo tangu ana miaka kumi na minne. Jumatatu ile hakulikumbuka. Alichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akavuta kwa nguvu zake zote, na bolti ilipokatika alikuwa anawaza kama kule mjini, ghorofa ya tatu, kutakuwa na mtu wa kumpandishia Oddlaug kuni. Ndipo akakumbuka kwamba kule mjini hakuna anayechoma kuni.

Alikuwa amekaza. Torleiv, ambaye watu wa visiwa vitatu walimletea injini zao, alikuwa amekaza bolti aliyotaka kuilegeza, akaikaza mpaka ikakatika. Alikaa humo chini dakika ishirini, miguu ndani ya maji ya mafuta. Kisha akakitia kichwa cha bolti mfukoni, akapanda juu na kusema, "Imekatika."

Aliyemsikia wa kwanza ni Magnhild, mjane wa nyumba ya jirani, aliyekuwa amesimama gatini na ndoo ya chakula cha kuku.

"Imekatika wiki hii hii?" alisema. "Torleiv wewe! Sikujua kumbe una mapenzi namna hiyo."

Kuanzia hapo Torleiv alikuwa na kesi mbili. Akisema ni bahati mbaya, wataulizia ilikatikaje, na itajulikana kwamba fundi mzima hajui kulegeza. Akinyamaza, yeye ni mwanamume aliyeharibu boti ili kumfungia mke kisiwani. Alinyamaza. Akaanza kutengeneza kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha maishani: mtu anajiua kwa kazi ili mkewe aweze kumwacha, kusudi watu wasiseme hataki kuachwa.

*

Kisiwani kwao hapalipwi fundi wa nje wakati jirani ana kifaa. Na jirani akija na kifaa chake, harudishwi. Na akishaingia, analishwa. Hayo hayakuandikwa popote na hakuna aliyewahi kuyavunja.

Sigvart alikuja Jumanne na pini ya kung'olea bolti, chuma kigumu chenye mikunjo kama pembe ya kondoo. Alikuwa mhandisi wa meli kabla hajastaafu, na alipenda hilo lijulikane.

"Umetoboa katikati?" alimuuliza Torleiv.

"Katikati kabisa."

"Basi tulia. Pini hii imeng'oa bolti za meli ya tani elfu nne."

Aliisukuma shimoni, akaishika kwa spana, akazungusha. Tak.

"Hiyo ni sauti ya kulegea," alisema Sigvart.

"Hiyo ni sauti ya kuvunjika."

"Kuna kulegea kunakosikika hivyo."

Walitazama pamoja. Pini ilikuwa imebaki ndani ya bolti, imekatika sawasawa na uso wa chuma. Sigvart alisema chuma cha siku hizi hakina adabu, akaketi, akala vikate vitano vya umbo la moyo, vile laini ambavyo Oddlaug anavioka kwenye chuma cha umeme, akavipaka jamu ya zabibu pori mpaka kopo likabaki jeupe.

Kama Sigvart alikusudia kuivunja ile pini au hakukusudia, haikujulikana. Kisiwa kilikuwa na watu tisa. Barua ya manispaa ilikuwa imesema kwamba wakiwa chini ya tisa, boti ya abiria itapita mara moja kwa wiki badala ya mbili. Oddlaug alikuwa mmoja kati ya tisa. Sigvart mwenyewe, akirudi nyumbani siku ile, alijaribu kukumbuka mkono wake ulitaka nini, na hakupata jibu.

Jumatano, basi, ndiyo ilikuwa zamu ya Anfinn. Anfinn ni mdogo wake Sigvart. Hawajasemeshana miaka kumi na moja, kwa sababu ya uzio. Alipoingia na drili yake alimkuta kaka yake ameshaketi, amekuja "kuangalia tu", na Magnhild pia amekuja kuangalia tu.

"Oddlaug," alisema Anfinn, "mwambie huyo mtu kwamba pini yake ilikuwa ya zamani."

"Oddlaug," alisema Sigvart, "mwambie huyo mtu kwamba hata mimi ni wa zamani na bado sijavunjika."

"Mmesikiana," alisema Oddlaug, akamimina kahawa.

Anfinn alipiga drili kwa dakika tatu. Ncha ilikutana na pini, ambayo ni ngumu kuliko yenyewe, ikateleza pembeni, ikalia kama nguruwe, ikakatika. Alizima. Akaondoa drili taratibu, akaitazama ilipoishia, akaitazama tena kana kwamba sehemu iliyobaki inaweza kurudi.

"Pole," alisema.

"Sasa wako watatu mle ndani," alisema Magnhild. "Akipatikana mmoja zaidi watacheza karata."

Oddlaug aliweka birika chini. Alifuta mikono, akachukua simu.

"Unampigia nani?" Torleiv aliuliza.

"Mtu anayelipwa."

Sigvart aliangalia dirishani. Hata Magnhild alishusha kikombe, kama watu wanavyofanya mtoto anapotamka neno baya mbele ya kasisi.

*

Fundi alifika Ijumaa kwa boti ya abiria. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anaitwa Solrun, na alikuwa na masanduku mawili ya chuma ambayo nahodha alikuwa amekubali kuyaita mabegi. Alivua viatu mlangoni, akaingia jikoni na soksi, akawasalimu wote wanne waliokuwa wamekaa kuizunguka silinda hedi, akadhani wote ni wa nyumba ile.

"Hapana," alisema Oddlaug. "Wa nyumba hii ni mimi na huyu. Hao wengine ni wasaidizi."

Solrun aliinama na tochi ndogo. Alitazama shimo muda mrefu kuliko walivyopenda.

"Nani alikuwa humu?"

Sigvart na Anfinn wakatazama vikombe vyao.

"Kuna bolti, sawa. Ndani ya bolti kuna pini. Pembeni kuna ncha ya drili." Alisogeza tochi. "Na hiki cha nne ni nini?"

Torleiv alikohoa. "Patasi. Ncha yake tu. Jana alfajiri."

"Jana alfajiri," alisema Oddlaug, "uliniambia unakwenda kulisha kondoo."

"Kondoo nilikuwa nimeshawalisha."

Solrun alifungua masanduku. Moja lilikuwa na kisanduku cha umeme chenye vitufe, jingine lilikuwa na kichwa cha mashine kilichojishika kwenye silinda hedi kwa sumaku, na kijiti chembamba cha shaba kikining'inia juu ya shimo. Mpira wa maji ulitoka kwenye ndoo ya Oddlaug ya kupigia deki, ukapita kwenye mashine, ukarudi ndooni.

"Kinaingia kwa kutoboa?" aliuliza Sigvart.

"Hakigusi."

"Hakigusi chuma?"

"Kinakaribia tu. Kikikaribia vya kutosha cheche inaruka, na kila cheche inaondoka na punje moja ya chuma. Maji yanazoa punje. Ugumu wa chuma haunihusu."

"Kwa hiyo hutumii nguvu?"

"Nguvu mmeshatumia nyinyi."

Magnhild alicheka mpaka akashika ubavu. Sigvart hakucheka. Alisema kwenye meli ya tani elfu nne kitu kisichogusa kingeitwa mapambo.

Mashine ikawashwa. Ilitoa sauti ya samaki wanaokaangwa chumba cha pili. Ndani ya maji kulionekana nuru ya buluu, ndogo kama kichwa cha sindano, na maji ya ndoo yakaanza kuwa meusi. Watu wote wakaitazama. Ilikuwa imepita kama robo saa hivi Magnhild aliposhindwa kuvumilia kuona mtu anafanya kazi bila kuandaliwa kitu. Akainuka, akachomeka chuma cha kuokea vikate. Pu! Taa zikazimika, mashine ikanyamaza, redio ya sebuleni ikanyamaza.

"Fyuzi," alisema Torleiv, akaenda kuibadilisha.

"Msichomeke kitu kingine," alisema Solrun. "Umeme wa nyumba hii unatosha mimi au vikate. Siyo wote wawili."

Walitazamana. Lilikuwa jambo zito. Mgeni amesafiri saa tatu baharini, amekaa jikoni, na hapewi kikate? Magnhild alisema ingekuwa afadhali boti ikae mpaka Pasaka. Anfinn alimwambia Oddlaug amwambie huyo mtu kwamba nyumbani kwake, kwa huyo mtu, kuna jiko la gesi. Sigvart alimwambia Oddlaug amwambie huyo mtu kwamba analijua jiko lake mwenyewe. Ikaishia Sigvart amevaa makoti, amebeba bakuli la unga uliokorogwa kupita kwenye theluji, na baada ya nusu saa amerudi na sahani ya vikate, vya moto chini, vyeupe kwa theluji juu. Solrun alikula viwili na jibini ya kahawia. Kisiwa kikapumua.

Pini ikaisha. Ncha ya drili ikaisha. Ncha ya patasi ikatoka nzima, na Solrun akaiweka juu ya gazeti mbele ya Torleiv bila kusema lolote, jambo lililokuwa baya kuliko kusema.

"Nahitaji kichwa cha bolti," alisema. "Nijue nyuzi zake ni za kipimo gani kabla sijafika ukingoni."

"Kimepotea," alisema Torleiv.

"Kiko mfuko wako wa kulia," alisema Oddlaug. "Unakichezea tangu Jumatatu. Hata kitandani unalala na suruali."

Torleiv alikitoa. Solrun alikipima kwa kipimo chake, akaandika. Kisha, kwa sababu ni mtu anayependa chuma, akakigeuza kwenye mwanga.

"Ajabu," alisema. "Hii ilikazwa."

"Bolti zote hukazwa," alisema Torleiv haraka.

"Nasema wakati inakatika. Ona hapa chini ya kichwa, pamesuguliwa upya, panang'aa. Ungekuwa unalegeza, kichwa kingeinuka, kisingesugua. Na shingo imejisokota kuelekea kulia. Aliyeikata alikuwa anakaza kwa nguvu sana."

Alisema kama mtu anavyosema leo kuna mawingu. Alipoinua macho alikuta watu wanne wameacha kutafuna.

Torleiv alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya miaka sitini na mitatu, na watu wa visiwa vitatu waliijua. Oddlaug alikuwa amesimama karibu na jiko na birika mkononi, anamtazama, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Torleiv hakukijua ni nini, kwa hiyo hakukiangalia zaidi. Aliwaza: mjinga, au askari jela. Mtu anaweza kuishi akijulikana kuwa mbaya. Akijulikana kuwa hajui kulia na kushoto, nani atamletea injini?

"Nilikusudia," alisema.

Anfinn alipiga mluzi mdogo.

"Ulikusudia," alisema Oddlaug.

"Ndiyo."

"Ulitaka nisiondoke."

Torleiv alikunja magazeti pembeni mwa chuma, akayakunjua. "Nilikusudia bolti," alisema.

"Kwa nini, Torleiv?"

"Kwa nini nini?"

"Mtu akikusudia ana sababu. Mimi nimesimama hapa. Niambie sababu."

Mashine iliendelea kukaanga samaki wake. Magnhild alifumba macho kama anaomba. Hata Sigvart alitikisa kichwa kumpa moyo, polepole, kama unavyomtia moyo ng'ombe apande kwenye boti.

"Boti," alisema Torleiv, "ilikuwa inahitaji matengenezo."

Oddlaug aliweka birika juu ya jiko. Aliliweka kwa upole sana. Kisha akaingia chumbani na wakasikia mkanda wa gundi ukichanwa, sanduku moja, sanduku la pili, sanduku la tatu.

Sasa ndugu wale wawili hawakuwa na mtu wa kupitishia maneno, wakabaki wametazama ndoo. Mwishoni Sigvart alimpiga Torleiv begani.

"Si peke yako," alisema. "Ile pini. Hata mimi nilikusudia."

Anfinn alikohoa, akaielekea silinda hedi. "Na drili pia," aliiambia.

"Waongo wakubwa," alisema Magnhild. "Hakuna hata mmoja wenu anayeweza kukusudia kitu na kikatokea."

*

Ilipofika saa nane mchana shimo lilikuwa tupu. Solrun alichokoa ganda la mwisho la nyuzi za bolti kwa sindano, likatoka limejiviringa kama ganda la tufaha. Nyuzi za chuma chenyewe zilikuwa nzima, hazikuguswa. Alichukua bolti mpya, akaiingiza kwa vidole viwili, ikaenda mpaka mwisho.

Wote walitaka kujaribu. Sigvart aliiingiza na kuitoa. Anfinn aliiingiza na kuitoa. Magnhild, ambaye hajawahi kushika bolti, aliiingiza, akasema, "Tazama, kama kwenye siagi," akaitoa kwa shida kidogo kwa sababu aliizungusha upande usio wenyewe, na Torleiv akageukia ukuta.

Oddlaug alilipa kwa simu, pale pale, kabla Torleiv hajapata miwani yake. Kisha akachukua sanduku moja la Solrun akamsindikiza gatini. Theluji ilikuwa imeacha. Boti ya abiria ilikuwa tayari inaonekana, nukta nyeusi upande wa bara.

"Binti," alisema Oddlaug, "nikuulize."

"Uliza, mama."

"Wewe unazijua bolti. Yule alikusudia?"

Solrun alihamisha sanduku mkono mwingine. "Hilo si la kwangu."

"Najua si la kwako. Nimekulipa, lakini hili nakuuliza bure."

Walitembea hatua kadhaa.

"Bomba lina bolti kumi na mbili," alisema Solrun. "Kumi na moja ziko mbele, zinaonekana, unazivunja umekaa na sigara mdomoni. Hii ya nyuma kabisa mtu anaifikia kwa kulala kifudifudi juu ya injini. Mtu anayekusudia anavunja ya mbele."

"Kwa hiyo alikosea."

"Alikosea upande. Huko nyuma ni rahisi kuchanganya."

"Yule hachanganyi," alisema Oddlaug. "Miaka thelathini na mmoja nimekaa naye. Hata kwenye mazishi ya mama yake alitengeneza kengele ya kanisa. Siku binti yetu anazaliwa alifungua pampu ya hospitali kwa sababu ilikuwa inapiga kelele, akaifunga, ikaacha. Hachanganyi."

"Basi Jumatatu kuna kitu kilimchanganya," alisema Solrun, akapokea sanduku lake, kwa sababu boti ilikuwa imefika na nahodha hapendi kungojea.

Oddlaug alibaki gatini mpaka mikono ikaingia ganzi. Aliudhika, akapata furaha, akaudhika kwamba amepata furaha. Mwanamume amejitangaza mbaya mbele ya kijiji ili asionekane amebabaika! Angesema tu, "Nilikaza, kwa sababu nilikuwa nakuwaza." Maneno matano. Alirudi nyumbani, akampita Torleiv jikoni, akaendelea kufunga vyombo. Hakumwambia kitu. Alikuwa amempigia mahesabu: kama yeye Oddlaug amengoja miaka thelathini na mmoja, Torleiv naye anaweza kungoja mpaka Jumatatu.

*

Jumamosi na Jumapili Torleiv alirudisha injini. Majirani walikuja kusaidia, na kwa mara ya kwanza aliwarudisha mlangoni. Walisimama nje dakika kumi, hawajui waende wapi.

Jumatatu kulikucha bila upepo. Friza iliingia botini, ikaingia cherehani, kikaingia kitanda cha mama, vipande vipande. Kisiwa kizima kilikuwa gatini kupunga mkono kama alivyotaka. Magnhild alikuwa ameoka. Sigvart alikuwa amevaa kofia yake ya meli. Anfinn alisimama upande wa pili wa gati, kwa sababu ya uzio.

Torleiv alikuja wa mwisho. Alikuwa amevaa koti la kanisani, amenyoa ndevu, ana jeraha kidevuni, na mikononi alikuwa na masanduku mawili.

"Hayo ni ya nini?" aliuliza Oddlaug.

"Yangu."

"Unanipeleka na kurudi. Kunipeleka kunahitaji masanduku mawili?"

Torleiv alitazama bahari, akatazama majirani, akatazama chini, mahali injini ilipokuwa.

"Injini hii haijajaribiwa," alisema. "Imefunguliwa yote. Bolti mpya zinahitaji kukazwa tena zikishapata moto. Halafu tena baada ya siku kadhaa. Fundi haruhusiwi kuwa mbali."

"Siku ngapi?"

"Itategemea."

"Itategemea nini?"

"Injini," alisema Torleiv. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu mpaka masikioni. "Na nani atawapa kondoo chakula, nimeshamwambia Anfinn. Anajua."

Gatini Magnhild alikuwa anahesabu vidole. Alihesabu mara moja, akasimama kwenye kidole kimoja, akahesabu tena.

"Subirini kwanza," alisema. "Tulikuwa tunapungukiwa na mmoja. Sasa ni wawili? Sigvart! Ni wawili!"

"Anfinn," Sigvart alimwambia mdogo wake, kwa hofu, bila kupitia kwa mtu yeyote, "wameondoka wawili."

"Hawajaondoka, wako hapa," alisema Anfinn. "Vua kamba pole pole."

Lakini Oddlaug mwenyewe ndiye aliyevua kamba. Alirusha ya mbele, akarusha ya nyuma, akaingia kwenye kibanda cha usukani, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo palikuwa pa Torleiv, akaketi.

"Hicho ni kiti changu," alisema Torleiv.

"Wewe umesema fundi haruhusiwi kuwa mbali na injini. Shuka chini ukakae nayo."

"Saa tatu?"

"Zikiwa nne nitakuita."

Alisimama kidogo na koti lake la kanisani, kisha akavua, akalikunja, akaliweka juu ya friza. Akashuka. Injini ikawaka mara ya kwanza, bila moshi, bila kuvuja, na gati likaanza kurudi nyuma pamoja na watu saba wasiojua wapunge mkono au waite.

Walipokwisha kupita kisiwa cha mwisho Oddlaug aliinamia kwenye tundu la sitaha.

"Torleiv! Iko vipi hiyo ya nyuma?"

Halafu sauti yake, kutoka chini, juu ya kelele zote za injini.

"Nilikaza," alisema. "Jumatatu ile. Nilidhani nalegeza."

"Ulikuwa unawaza nini?"

Injini ilizunguka, ikazunguka. Oddlaug alisubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri.

"Kuni," alisema Torleiv. "Nani atakupandishia kuni."

"Mjini hakuna kuni!"

"Najua," alisema. "Nililikumbuka baadaye."

Oddlaug aligeuza usukani kidogo, ingawa hapakuwa na haja, akasafisha koo.

"Haya," alisema. "Kaa hapo hapo."